Wanyama alizaliwa 25 Juni 1991: dunia ilikuwa na shughuli gani siku hiyo?

Mpiga Kalenda (mwenye uzi):

Wadau, hamjambo. Kila Juni ikielekea kuisha naona watu wakisambaza zile orodha za "siku aliyozaliwa fulani, haya ndiyo yaliyotokea duniani". Unatafuta tarehe ya mchezaji, unamwagiwa wafalme waliokufa, meli zilizozama na waigizaji ambao hata majina yao huwezi kuyatamka. Unasoma, unasema "ala!", unapitisha kidole. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayejisumbua kuuliza kama jambo lenyewe liliwahi kumfikia huyo mtu.

Basi nimejaribu na Victor Mugubi Wanyama, kiungo wa Kenya, Big Vic wetu. Nairobi, Jumanne, 25 Juni 1991.

Hapa nyumbani tulikuwa bado chini ya chama kimoja. Saba Saba ya 1990, yale maandamano ya kudai vyama vingi, ilikuwa inakaribia kutimiza mwaka, na kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilikuja kufutwa Desemba. Kwa baba yake, Noah Wanyama, aliyewahi kuichezea Ingwe (AFC Leopards), kulikuwa tayari na kijana wa miaka 4 anayeitwa McDonald Mariga. Huko Ulaya nako, Kroatia na Slovenia zilitangaza siku hiyohiyo kwamba zimejitoa Yugoslavia.

Mtasema kijana wa Muthurwa, Nairobi, na Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, wapi na wapi. Subirini.

Siku 2 baadaye vita vilianza Slovenia, vikaisha kwa siku 10. Kroatia haikupona kirahisi hivyo, huko walipigana hadi 1995. Bosnia ikalipuka 1992. Na kumbukeni wiki chache tu kabla ya tangazo hilo, 29 Mei 1991, Red Star Belgrade walikuwa wametawazwa mabingwa wa Ulaya mjini Bari, wakiwatoa Marseille kwa penalti 5-3 baada ya sare tasa. Kikosini mlikuwa na Prosinečki aliyekuja kuichezea Kroatia, Savićević wa Montenegro, Pančev wa Makedonia. Kombe wamelibeba pamoja, kisha kila mmoja akajikuta ana nchi yake.

Mwaka uliofuata Yugoslavia ilikuwa imefuzu Euro 1992. Umoja wa Mataifa ukaiwekea vikwazo, ikafukuzwa mashindano yakiwa mlangoni, na Denmark waliokuwa wa pili kwenye kundi wakaitwa kujaza nafasi. Wakaenda wakachukua kombe lenyewe, 2-0 dhidi ya Ujerumani, tarehe 26 Juni 1992. Big Vic alikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku moja.

Sasa njooni Southampton, majira ya joto ya 2013. Klabu inamnunua Wanyama kutoka Celtic kwa pauni milioni 12.5, anakuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wiki chache kabla yake wamemleta beki kutoka Lyon, Dejan Lovren. Mkroatia, ila alizaliwa Zenica, Bosnia, na wazazi wake walimtorosha akiwa mtoto mdogo vita vilipoanza. Walikimbilia Munich, wakakaa miaka kama 7, kisha Ujerumani ikawaambia karatasi hazitoshi, rudini kwenu. "Kwenu" ikawa Kroatia, nchi iliyotangazwa siku aliyozaliwa yule kiungo atakayekuja kusimama mbele yake pale Southampton.

Hilo ndilo ninaloliita tukio la siku ya kuzaliwa. Limetembea miaka 22 likamkuta mtu kazini kwake.

Kijana wa Buru:

Maze, hapa umevuta. Lovren alizaliwa 1989, Bosnia, si Kroatia. Tarehe ya Vic imeingiaje? Kwa mahesabu hayo hata mimi nimezaliwa siku moja na mtu aliyemjua mtu aliyekunywa chai na Tito.

Mpiga Kalenda:

Buda, sijasema tarehe ndiyo iliyomleta Lovren. Nasema kati ya mambo yote ya siku hiyo, hilo ndilo unaloweza kulifuata kwa mguu mpaka ukakutana na Wanyama akiwa amevaa jezi.

Na hawakukutana Southampton tu. Tarehe 4 Februari 2018, Jumapili, saa moja unusu jioni kwetu. Tulikuwa tumebanana kwenye banda moja la mpira Makongeni, benchi la watu wanne limekalia saba, mwenye banda anapita na bakuli akidai za kiingilio kwa waliochelewa. Lovren ameshahamia Liverpool, yuko beki ya kati na van Dijk. Salah wao amefunga mapema, dakika ya 3. Dakika ya 79 Pochettino, kocha wa Tottenham alikokuwa Wanyama, anamtoa Dembélé, anamwingiza Wanyama. Hata hajatoa jasho: krosi inaingia, kipa wa Liverpool, Karius, anaupangua mpira kwa ngumi, unamdondokea Vic nje ya boksi, mbali. Hakuutuliza. Kile kishindo cha mguu wa kulia kilisikika hadi kwenye spika mbovu ya pale bandani, na mpira ukaingia pembe ya juu ukiwa bado unapanda. Jamaa mmoja wa Liverpool aliinuka akatoka bila neno, kofia ameiacha. Lilichaguliwa goli bora la mwezi kwenye Ligi Kuu.

Halafu fujo zikaanza. Mpira unamgusa Lovren mguuni unaenda kwa Kane wa Tottenham aliyekuwa ameotea, lakini refa anasema kwa sababu Lovren ameucheza kwa kukusudia, hakuna kuotea. Karius anaangusha mtu, penalti. Kane anakosa. Salah anafunga la pili dakika za nyongeza. Penalti nyingine, Kane anasawazisha, 2-2. Mechi nzima iligeuka kwa Mkenya wa Muthurwa na mkimbizi wa Zenica.

Shangazi wa Umoja:

Nyinyi vijana mnaenda kutafuta Ljubljana na 25 Juni mnayo hapa Nairobi. Mmesahau mapema hivi?

Jumanne, 25 Juni 2024. Hata siku ya wiki ni ileile aliyozaliwa huyo mtoto wa Noah. Wabunge walipiga kura ya mswada wa fedha mchana, 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la, na muda si muda vijana wakawa ndani ya Bunge, sehemu inaungua. Risasi zilitumika. Watu walikufa. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi.

Mimi nafanya kazi duka la vitambaa upande wa River Road. Tajiri alifunga milango saa sita tukiwa ndani. Tulipotoka nilivua viatu vya kazi nikavaa sandale za kuogea, nikashuka kwa miguu hadi Muthurwa nikitegemea matatu. Stendi nzima tupu. Wamama wa nyanya wamefunika mali kwa gunia, wamelowesha leso kwa maji wanajifuta macho maana moshi wa vitoa machozi ulikuwa unashuka mpaka huko. Mmoja alinipa kipande cha leso yake. Nikatembea Jogoo Road yote.

Siku hiyo Wanyama alikuwa anatimiza miaka 33. Nani alimkumbuka? Na 2025 ilipofika tarehe hiyohiyo vijana walirudi barabarani, watu wakafa tena, na vituo vya televisheni vikaambiwa viache kurusha moja kwa moja. Kwa hiyo ukimwekea orodha yako ya mambo ya 25 Juni, hili liwe la kwanza.

Mpiga Kalenda:

Shangazi, hilo halina ubishi, na pole kwa safari ile. Niliacha kuliandika kwa sababu nilikuwa natafuta yaliyotokea siku yenyewe ya 1991. Ila ni kweli, kuanzia 2024 mtoto yeyote wa Nairobi akizaliwa 25 Juni atakuwa anaulizwa habari hiyo maisha yake yote.

Kijana wa Buru:

Michael Jackson pia alikufa 25 Juni. 2009.

Mpiga Kalenda:

Ndiyo hizo nilizosema. Ilimhusu nini Wanyama? Alikuwa anatimiza miaka 18, yuko Ubelgiji na Beerschot.

Karani wa Mechi:

Usiku uleule wa Michael Jackson, Ellis Park, nusu fainali ya Kombe la Mabara: Afrika Kusini wamewabana Brazil mpaka dakika ya 88, Dani Alves akapiga faulo, 1-0. Wengi tulilala na huzuni mbili.

Lakini niwape 25 Juni za mpira maana ziko nyingi kupita kiasi. Argentina ilichukua Kombe la Dunia lake la kwanza siku hiyo mwaka 1978, 3-1 kwa Uholanzi, Kempes mawili. Uholanzi ikajilipa siku hiyohiyo 1988 kwenye fainali ya Euro, 2-0 kwa Wasovieti, na lile goli la van Basten la pembeni ambalo hata leo sielewi aliona wapi. 2006, Ureno na Uholanzi, kadi nyekundu 4 na za njano 16, refa Ivanov mkono uliuma. Na Wanyama alipotimiza miaka 3, 25 Juni 1994, Maradona alicheza mechi yake ya mwisho ya Kombe la Dunia, dhidi ya Nigeria. Ile ambayo muuguzi alimfuata uwanjani akamshika mkono kumpeleka kupimwa. Miaka 20 baadaye kamili, 25 Juni 2014, Argentina na Nigeria tena: 3-2, Messi mawili, Musa mawili.

Ila ile inayonichoma ni ya 1982, mjini Gijón. Aljeria walikuwa wamewapiga Ujerumani Magharibi 2-1, Afrika nzima inashangilia. Wakamaliza mechi zao zote tarehe 24. Ujerumani na Austria wakacheza tarehe 25, wote wanajua hesabu: Ujerumani akishinda goli moja au mawili, wote wawili wanapita na Aljeria anaenda nyumbani. Hrubesch wa Ujerumani akafunga dakika ya 10. Zilizobaki 80 walipigiana pasi za nyuma. Waaljeria jukwaani wakawa wanapunga noti, yaani mmenunuliwa. Malalamiko yalitupwa, matokeo yakabaki. Ndiyo maana tangu 1986 mechi za mwisho za kundi kwenye Kombe la Dunia huchezwa kwa wakati mmoja. Kila ukiona televisheni mbili zimewashwa kwenye baa moja, mshukuru Aljeria.

Fundi Hesabu:

Mbona mnashangaa? Kombe la Dunia na Euro kwa kawaida huchezwa Juni na Julai. Chukua tarehe yoyote ya mwisho wa Juni, utakuta mechi kubwa. Chukua 25 Novemba halafu mniletee fainali.

Na msiogope watu kushiriki tarehe. Kikosi cha wachezaji 23 tu, nafasi ya kwamba wawili wamezaliwa siku moja ya mwaka ni zaidi kidogo ya nusu. Si miujiza, ni kwa sababu jozi unazoweza kuunda kwa watu 23 ni 253.

Binamu wa Kariakoo:

Wakuu, salamu kutoka Dar. Naona mmepita Msumbiji kama hamjaiona. Uhuru wao ni 25 Juni 1975. Wala hiyo si bahati ya kalenda. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, iliundwa hapa kwetu Dar es Salaam 25 Juni 1962, wakauchukua uhuru siku hiyohiyo kwa makusudi, miaka 13 baadaye. Samora Machel alitangaza wapi? Kwenye uwanja wa mpira, Machava. Kwa hiyo Fundi Hesabu hesabu zako ni sawa, lakini tarehe nyingine huchaguliwa na watu.

Halafu kuhusu huyo Wanyama wenu, msisahau 2016 tulimpa hadi mtaa Dar. Kibao kikawekwa, yeye mwenyewe yupo. Kibao hakikukaa.

Kijana wa Buru:

😂😂 Mlimpa mtaa kama mtu anayeazima jembe. Na 2019 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri tukawapiga Tanzania 3-2, Olunga mawili, yeye nahodha. Siku 2 baada ya birthdei yake.

Binamu wa Kariakoo:

Tuliongoza mara mbili mkuu, usijisahaulishe. Msuva na Samatta.

Mpiga Kalenda:

Mwaka huohuo wa kibao, tarehe 23 Juni 2016, alitia sahihi Tottenham. Siku hiyohiyo Waingereza walikuwa kwenye foleni wakipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Aliingia London mpya kabla hajafungua sanduku.

Binamu, hoja ya Msumbiji naichukua. Na Kroatia na Slovenia nazo hazikugongana tarehe kwa bahati. Slovenia ilipiga kura ya maoni Desemba 1990, Kroatia Mei 1991, wakapanga kutoka pamoja ili Belgrade isimalize mmoja kabla ya mwingine.

Kocha wa Vumbi:

Mimi nina swali la kuharibu sherehe. Tarehe zenyewe ni za kweli? Simsemi Wanyama, nazungumza kwa jumla.

Nimefundisha vijana Eastlands muda mrefu. Tulikuwa na mashindano fulani ya chini ya miaka 15. Timu moja imeleta vyeti vya kuzaliwa, navipitia mezani: wachezaji sita, wote 1 Januari. Sita! Mama zao walikubaliana? Nyumbani kwao huyo golikipa wao ameacha mtoto mchanga. Beki wao mmoja amenyoa ndevu asubuhi, bado kidevu kina vidonda vidogo vya wembe, anaitikia "naam kocha" kwa sauti ya mzee wa kanisa. Nikapeleka lalamiko kwa waandaaji. Nikaambiwa vyeti vina muhuri, mambo yameisha. Tukachapwa 5-0, na vijana wangu wa kweli wa miaka 14 wawili wakaacha mpira mwaka huo.

Kuna umri wa mama na kuna umri wa mpira. Usipojua ni upi ulioandikwa, hiyo hesabu ya "dunia siku aliyozaliwa" unamfanyia mtu mwingine.

Mpiga Kalenda:

Kocha, umegusa kitu ambacho nilikuwa nacho kwenye daftari nikasita kukiweka.

Siku hiyo ya 25 Juni 1991 kulikuwa na Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 linaendelea. Lilikuwa Ureno, lilianza tarehe 14 na fainali ikachezwa tarehe 30 Lisbon, Ureno wakawatoa Brazil kwa penalti. Figo na Rui Costa walikuwemo. Uwanja ulijaa watu zaidi ya laki moja.

Lakini halikupaswa kuwa Ureno. Lilikuwa limepewa Nigeria. FIFA iligundua tarehe za kuzaliwa za wachezaji kadhaa wa Nigeria kwenye Olimpiki ya 1988 hazifanani na zile walizoandikisha mashindano ya nyuma. Ikawafungia timu za vijana miaka 2, na uenyeji ukaondoka. Kizazi cha Figo kilitawazwa nyumbani kwao kwa sababu ya karatasi za kuzaliwa za Lagos.

Na 2009, Kombe la chini ya miaka 17 lilipokwenda Nigeria, FIFA ikaanza kutumia mashine ya kupiga picha za kifundo cha mkono. Mifupa ya hapo huungana kabisa kadiri kijana anavyokua, na ikishaungana yote, ni nadra sana awe bado hajapita miaka 17. Muhuri hauna la kusema mbele ya mfupa. Kila kijana wa Afrika aliyekuja baadaye, hata mwenye cheti safi kama maji, amelazimika kubeba shaka hiyo kwenye kila uwanja wa ndege.

Kocha wa Vumbi:

Hao wawili wangu hawakufika uwanja wa ndege wowote. Mmoja anaendesha boda Donholm, bado ana mguu wa kushoto wa hatari.

Shangazi wa Umoja:

Kuna tarehe nyingine ya hiyo familia hamjaigusa. 7 Novemba.

Karani wa Mechi:

Shangazi kumbe wewe ni mtu wa mpira! 7 Novemba 2012, Jumatano. Asubuhi tumeamka Obama ameshinda tena, Kogelo, kijiji cha baba yake, wanacheza ngoma mchana kutwa. Usiku, saa tano na dakika chache kwetu, Celtic wanapiga kona, Mulgrew anaizungusha, na Vic, yule mwenye jezi namba 67 mgongoni, anaruka juu ya mabeki wa Barcelona. Dakika ya 21. Mkenya wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa. Tony Watt akaongeza, Messi akarudisha moja mwishoni, 2-1. Siku nzima ya kushangilia, kazini Alhamisi watu walifika macho mekundu.

Shangazi wa Umoja:

Na miaka 7 baadaye, tarehe hiyohiyo, 7 Novemba 2019?

Mpiga Kalenda:

Uchaguzi mdogo wa Kibra. Mariga aligombea kwa chama cha Jubilee. Imran Okoth wa ODM akachukua kiti. Mdogo mtu siku hiyo alifunga, mkubwa akafungwa.

Kijana wa Buru:

Sasa hiyo imekaa. Lovren bado nakataa. Mshambuliaji wetu Oliech je, yeye tarehe ngapi?

Mpiga Kalenda:

2 Februari 1985. Fungua uzi wako.